Kubadilisha Dinamo kwa Altaneta kwenye Land Rover ya Zamani: Waya na Ethi Kwanza

Anayeendesha Land Rover ya zamani usiku kutoka Mtwara mjini kupanda Newala, kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba, anaijua hali hii. Gari likiwa mbioni taa zinamulika vizuri, lakini ukipunguza mwendo nyuma ya lori la korosho lililoelemewa na mlima, taa zinafifia mpaka zinabaki na rangi ya kibatari, na mshale wa amita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme kwenye dashibodi, unalala upande wa kutoa. Hali hiyo haimaanishi kuwa gari ni bovu. Dinamo iliyofungwa kiwandani, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, inafanya kazi yote iliyoumbiwa kuifanya, ila matumizi yetu ya leo yameipita.

Maelezo haya yanahusu kuiondoa dinamo hiyo na kufunga altaneta, mashine ya kuchaji ya magari ya baadaye, mahali pake. Nimeifanya kazi hii kwenye Land Rover ndefu ya petroli, ile 109 ya Series IIA, ambayo marehemu baba alituachia, na baadaye nikawasaidia wenzangu wawili wa Lindi kwenye magari yao. Nimejifunza kwamba kufunga mashine yenyewe ni kazi ya saa chache, na hata fundi kijana anaiweza. Kinachoamua kama kazi itadumu ni njia ya umeme, yaani nyaya zinazoupeleka na ethi, yaani viungo vya bodi na chasisi, zinazourudisha kwenye betri. Huku kwetu pwani ya kusini, ambako hewa ya bahari inafika kila mahali na chumvi haiachi chuma, njia ya kurudi ndiyo inayooza kwanza, na ndiyo ambayo mafundi wengi hawaigusi.

Kwa nini dinamo inashindwa

Dinamo ya Lucas aina ya C40, ambayo Land Rover nyingi za miaka ya 1960 zilitoka nayo, hutoa ampea 22 kwa kiwango chake cha juu, na hutoa kiasi hicho pale tu injini inapokwenda kasi. Sababu iko kwenye umbo lake. Ndani ya dinamo, koili inayozalisha umeme ndiyo inayozunguka, kwa hiyo mkondo wote wa gari hupita kwenye kaboni mbili zinazosugua komuteta, yaani vipande vya shaba vilivyo kwenye mhimili unaozunguka. Komuteta haivumilii kasi kubwa mno, ndiyo maana dinamo hufungiwa puli kubwa ili isizunguke kupita kiasi, na matokeo yake ni kwamba injini ikiwa kwenye silensi, yaani inapozunguka bila kukanyagwa mafuta, dinamo haifiki kasi ya kuchaji hata kidogo.

Altaneta imeugeuza mpangilio huo. Koili inayozalisha imetulia kwenye ganda, na kinachozunguka katikati ni sumaku ya umeme inayolishwa ampea chache tu kupitia kaboni ndogo. Mkondo mkubwa haupiti kwenye kitu kinachosuguana. Unatoka kwenye koili iliyotulia, unapita kwenye daiodi zinazougeuza uwe wa upande mmoja, kisha unaelekea kwenye betri. Kwa sababu hiyo altaneta inaweza kufungiwa puli ndogo na kuzungushwa kwa kasi zaidi bila madhara, na huanza kuchaji injini ikiwa bado kwenye silensi.

Sasa tupige hesabu ya safari ya usiku wakati wa mvua. Taa mbili za mbele za halojeni za wati 55 kila moja zinafanya wati 110, ambazo kwa betri ya volti 12 ni ampea 9 na kidogo. Taa ndogo, za nyuma na za namba zinakula ampea 2. Koili ya kuwashia inakula ampea 3 hadi 4, waipa ampea 3, redio ampea 1, na chaja ya simu pamoja na vikorokoro vingine ampea 2. Jumla inakaribia 21. Dinamo nzima yenye afya, ikiwa inakimbia, inatoa 22. Ampea moja inayobaki ndiyo inayotegemewa kuirudishia betri nguvu iliyotumiwa na stata, na kila ukisimama kwenye kizuizi au kwenye mzani, hata hiyo moja haipo.

Kama unaendesha mchana tu, kwa mwendo wa kwenda sokoni na kurudi, na gari lako lina taa zake za asili, ninakushauri uiache dinamo. Badilisha kaboni zake, safisha komuteta na urekebishe reguleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti ya chaji, nayo itakutumikia. Gari ambalo halijaguswa lina thamani yake, na si kila cha zamani kinastahili kung'olewa.

Pima kabla ya kununua chochote

Chukua mita ya umeme ya kawaida, ile ndogo ya tarakimu inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme, kisha pima betri asubuhi kabla hujawasha gari. Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu, na ikisoma chini ya 12 imeisha. Ichaji kwa chaja ya umeme wa nyumbani usiku mzima, kisha iache ipumzike saa kadhaa na uipime tena. Betri isiyoweza kushika 12.6 baada ya hapo ni betri iliyochoka, na kuifungia altaneta mpya ni kuitesa altaneta. Altaneta imeumbwa ili kuitunza betri yenye nguvu. Ikilazimishwa kuifufua betri iliyokufa, hufanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima bila kupumzika, huku joto la boneti likiongezeka, na daiodi huungua.

Ncha ipi imeshikana na bodi?

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu kosa la hapa halikupi nafasi ya pili. Magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa betri huku ncha chanya ikiwa ndiyo iliyoshikana na bodi, kinyume cha magari tuliyoyazoea leo. Karibu altaneta zote utakazozipata madukani zimeumbwa kwa gari ambalo ncha hasi ndiyo ya bodi. Ukiifunga kwenye gari la mpangilio wa zamani, daiodi zote zinapitisha umeme wa betri moja kwa moja na kuungua papo hapo.

Altaneta yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Niliagiza Dar es Salaam, ikafika kwa basi, nikaifunga jioni bila kuangalia ncha za betri, na nilipogusisha tu kebo ya mwisho nilisikia mlio mfupi na harufu ya kitu kinachoungua. Ilikuwa imeshakufa kabla injini haijawahi kuizungusha hata mara moja.

Kuligeuza gari si kazi ngumu. Fungua kebo zote mbili za betri. Igeuze betri ili ncha hasi ifungwe kwenye kebo ya bodi na ncha chanya ifungwe kwenye kebo ya stata. Kumbuka kwamba nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi, kwa hiyo utahitaji vibanio vipya badala ya kuvilazimisha vya zamani. Badilishana nyaya mbili ndogo za koili ya kuwashia, ili upande wenye alama ya kutoa uelekee kwenye distributa na upande wenye alama ya kujumlisha upokee umeme wa swichi. Badilishana nyaya za amita, la sivyo itasoma kinyume. Redio ya zamani yenye mpangilio wa chanya kwenye bodi itolewe kabisa. Stata haihitaji chochote, kwa sababu sumaku yake ni ya koili na itaendelea kuzunguka upande uleule.

Kuichagua altaneta

Njia iliyo safi zaidi kwa Land Rover ya injini ya lita 2.25 ni kufuata kile ambacho kiwanda chenyewe kilifanya. Series III, iliyoanza kutoka mwaka 1971, ilikuja na altaneta, na injini yake ni ndugu wa injini ya Series IIA, kwa hiyo mabano yake yanaingia kwenye matundu yaleyale. Altaneta za Lucas za familia ya ACR, kwa mfano 17ACR ya ampea 36 au 18ACR ya ampea 45 hivi, zina reguleta ndani yake na hazihitaji kisanduku cha nje.

Tatizo la Lucas ni spea. Ukiwa Masasi na kaboni zimekwisha, hutazipata dukani siku hiyo. Altaneta za Denso zilizofungwa kwenye Toyota za zamani, zile zenye puli ya mkanda mmoja wa umbo la V, zinajulikana na kila fundi umeme kuanzia Kilwa hadi Tunduru, na kaboni zake, beringi zake na reguleta zake zinapatikana. Kazi ya ziada utakayoifanya ni kutengeneza bano la chuma linaloishika vizuri. Mimi kwenye gari letu nilichagua Denso kwa sababu hiyo moja tu: inapokufa, isife mbali na spea.

Usivutwe na ukubwa. Altaneta ya ampea 45 hadi 60 inatosha gari hili kabisa. Ile ya ampea 90 au 100 iliyotolewa kwenye gari jipya itahitaji mkanda mpana wenye mistari mingi, na ukiulazimisha mkanda mmoja wa V kuizungusha ikiwa na mzigo, utateleza, utapiga kelele na kuungua, na pampu ya maji iliyo kwenye mkanda huohuo itapungukiwa na kasi.

Kuifunga

Fungua kebo ya ethi ya betri kabla ya kugusa chochote, na iache imefunguliwa mpaka mwisho. Ondoa mkanda, ondoa dinamo na bano lake, safisha uso wa injini pale bano jipya litakapokaa, na ufunge altaneta kwa bolti ambazo bado hujazikaza. Chukua rula ndefu ya chuma au ubao ulionyooka, uulaze kwenye uso wa puli ya kranki, kisha uangalie kama puli ya altaneta imekaa kwenye mstari uleule. Tofauti ya milimita mbili tu inatosha kuula mkanda ndani ya miezi michache. Tumia washa nene kuisogeza mbele au nyuma mpaka mstari ukae sawa, kisha kaza. Mkanda ukaze mpaka, ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya nafasi yake ndefu, ushuke kama milimita 12. Mkanda uliokazwa kama uzi wa zeze unaua beringi za altaneta na za pampu ya maji kwa pamoja.

Nyaya za kwenda

Kisanduku cha reguleta cha Lucas RB106 kina sehemu tano zenye herufi A, A1, F, D na E. Kabla ya kung'oa waya wowote, upige picha kwa simu na uufunge kipande cha tepu chenye herufi yake. Rangi za nyaya kwenye magari yetu haziaminiki tena, kwa maana miaka hamsini na zaidi ya mafundi imepita hapo.

Waya wa A ndio unaotoka kwenye betri, na wa A1 ndio unaolisha matumizi ya gari. Ndani ya kisanduku viliunganishwa na koili ya reguleta. Ukikiondoa kisanduku, lazima uviunganishe wewe kwa kipande cha waya mnene, la sivyo gari zima litakuwa kimya. Wengine hukiacha kisanduku mahali pake kwa ajili ya sura, wakakitoa matumbo na kukitumia kama kiungio tu. Naipenda njia hiyo, kwa sababu mwonekano wa asili unabaki. Sehemu ya D ina nyaya mbili: mnene unaotoka kwenye dinamo na mwembamba unaotoka kwenye taa ya onyo. Uunganishe ule mwembamba na waya wa F, ambao tayari umefika mpaka dinamo ilipokuwa, na mwisho wake uufunge kwenye sehemu ya taa ya altaneta: kwa Lucas imeandikwa IND, kwa Denso imeandikwa L. Waya mweusi wa E uache kwenye bodi.

Waya mnene wa D uufunge ncha zake kwa mpira unaonywea kwa moto na uuache ulale. Waya huo ulizaliwa kubeba ampea 22, usiutwishe 45. Altaneta ipate kebo yake mpya kutoka sehemu ya B moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya stata inayopokea kebo ya betri. Hapa unene una hesabu yake. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 4 yenye urefu wa mita 2, ikibeba ampea 45, inapoteza takribani volti 0.4 njiani. Ya milimita 10 inapoteza kama 0.16 tu. Volti 0.4 inaonekana ni kitu kidogo, lakini ndiyo tofauti kati ya betri inayochajiwa kwa 14.2 na betri inayochajiwa kwa 13.8, na betri isiyojaa kila siku huzeeka upesi. Weka ya milimita 10.

Kebo iwe ya gari, yenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa kufungia umeme wa nyumba, ambao ni rahisi kuupata na ambao wengi huutumia, una nyuzi chache nene na hauvumilii mtikisiko. Kwenye barabara ya vumbi ya huku utakatika mahali ambapo macho hayafiki. Lagi, yaani vichwa vya chuma vya mwisho wa kebo, zibanwe kwa koleo lake maalumu. Kisha weka fyuzi nene karibu na upande wa stata, kwa kuwa betri ndiyo yenye nguvu ya kuwasha moto kebo ikichubuka na kugusa chuma. Kwa altaneta ya ampea 45 na kebo ya milimita 10, fyuzi ya ampea 60 inafaa.

Kwa wanaofunga Denso yenye plagi ya pini tatu, L ni ya taa kama nilivyosema, IG ipate umeme wa swichi, yaani unaokuja ufunguo ukiwashwa tu, na S ipelekwe hadi nguzo ya chanya ya betri yenyewe. IG na S kila moja iwe na fyuzi yake ya ampea 10. S ndiyo jicho la reguleta: kwa waya huo inaiona volti halisi ya betri na kuongeza pale kebo inapopunguza. Ukiifunga S palepale kwenye altaneta ili kuokoa waya, umeifumba jicho.

Taa ya onyo iwe ya wati 2.2 na iwe nzima. Kwenye Lucas, umeme mdogo unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoiamsha sumaku ya altaneta mwanzoni; taa ikiungua, altaneta haitaamka mpaka ukanyage mafuta sana, na pengine isiamke kabisa.

Na amita? Kwa mpangilio huu, chaji haipiti tena kwenye amita, kwa hiyo ukiwasha taa mshale utalala upande wa kutoa hata kama betri inachajiwa vizuri. Si kosa. Amita ya zamani ya ampea 30 isingevumilia altaneta hii, na ikiungua nyuma ya dashibodi ni hatari. Funga voltimita ndogo pembeni yake.

Ethi

Nilipofunga altaneta ya pili, kila kitu kikiwa sahihi kwenye karatasi, betri ilikuwa inapata volti 13.1 tu taa zikiwashwa. Niliibadilisha reguleta, haikusaidia. Nikaenda Mikindani kwa mzee mmoja anayetengeneza umeme wa magari, nikamwamkia na kumweleza. Hakuigusa altaneta. Alishika ncha moja ya mita kwenye ganda la altaneta na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri, akaniambia niwashe taa zote.

"Mwanangu, soma hapo."

Ilisoma volti 0.9.

"Altaneta yako haina kosa. Umeme unatoka, ila hauna njia ya kurudi."

Watu wengi hudhani kwamba chuma kikishikana na chuma, ethi ipo. Umeme unaotoka kwenye sehemu ya B lazima urudi kwenye ganda la altaneta kwa kiasi kilekile, na njia ya kurudi kwenye Land Rover hii ni ndefu kuliko ya kwenda: betri hadi chasisi, chasisi hadi injini, injini hadi bano, bano hadi altaneta, na kwa upande wa taa, bodi hadi chasisi. Kila kiungo kati ya hivyo ni mahali pa kutu. Isitoshe, bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini na chasisi yake ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huanza kuliwa; utaona unga mweupe kuzunguka bolti, na unga huo haupitishi umeme. Gari lililokaa miaka karibu na mashamba ya chumvi ya Lindi au lililoegeshwa Shangani upepo wa bahari ukilipiga, lina unga huo kila mahali.

Fungua, basi, kila kiungo cha ethi. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae kwa upana wa lagi, funga kwa bolti mpya yenye washa ya meno, kaza, na baada ya kukaza ndipo upake grisi au vaselini juu ili hewa ya chumvi isiingie. Kisha ongeza njia mpya. Kebo ya milimita za mraba 10 itoke kwenye ganda la altaneta moja kwa moja hadi nguzo ya hasi ya betri. Mkanda mnene wa shaba iliyosukwa, au kebo ya betri, ufungwe kati ya injini na chasisi, kwa sababu injini imekalia mipira na stata inahitaji njia hiyo kuliko kitu chochote. Kwa taa za mbele, peleka waya wa ethi wa kila taa hadi sehemu moja iliyofungwa kwenye chasisi, badala ya kuitegemea mabati ya mbele. Gari letu lilipofanyiwa hivyo, taa zilizidi kung'aa hata kabla hatujawasha injini.

Ukishawasha injini kama nitakavyoeleza hapa chini, rudia kipimo cha yule mzee. Injini ikikimbia wastani na taa zote zikiwaka, kati ya ganda la altaneta na nguzo ya hasi ya betri isizidi volti 0.1. Kati ya sehemu ya B na nguzo ya chanya isizidi 0.3. Ukipata zaidi, sogeza ncha ya mita kiungo kimoja baada ya kingine. Pale namba inaporuka ndipo penye ubovu.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Rudisha kebo ya betri. Washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ya onyo iwake. Washa injini: taa izime, pengine baada ya kukanyaga mafuta kidogo. Pima kwenye nguzo za betri. Ukisoma kati ya 13.8 na 14.4, kazi imekaa. Kwenye joto la Mtwara mchana usishangae ukiona 13.8, kwa kuwa reguleta nyingi hupunguza volti kadiri zinavyopata joto, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikipanda juu ya 15, zima injini mara moja. Reguleta ni mbovu na itaichemsha betri. Washa kila kitu, taa, waipa na redio, kisha uone kama inabaki juu ya 13.5 injini ikikimbia wastani.

Geuza mita kwenye volti za mkondo geu na upime tena palepale kwenye betri. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikipita nusu volti, kuna daiodi iliyokufa ndani, na altaneta ya namna hiyo inaweza hata kuinyonya betri usiku gari likiwa limezimwa. Kipimo hiki ni muhimu hasa kwa altaneta iliyotumika.

Kuna desturi moja ninayowasihi wenye magari na mafundi waiache. Zamani, ili kujua kama dinamo inachaji, fundi alichomoa kebo ya betri injini ikiwa inawaka. Gari likiendelea kuwaka alisema dinamo ni nzima. Ukifanya hivyo kwenye altaneta, mkondo uliokuwa unaingia betri unakosa pa kwenda ghafla, volti inaruka juu sana kwa muda mfupi mno, na daiodi na reguleta zinaungua. Fundi mwenye mita hahitaji kuchomoa chochote. Ukimkabidhi mtu gari lako, mwambie hilo kabla hajafungua boneti, na ikibidi kulehemu chasisi, fungua kebo za betri na uchomoe plagi ya altaneta kwanza.

Mkanda mpya hulegea. Ukaze tena baada ya kilomita 300 hivi, kisha uuangalie kila unapopima oili. Kabla mvua za kusini hazijaanza, mwezi wa Novemba, fungua viungo viwili vya ethi vya chasisi, tazama kama unga mweupe umerudi, safisha na upake vaselini upya. Dinamo ya zamani usiiuze chuma chakavu. Ipake oili nyepesi, ifunge kwenye plastiki pamoja na bano lake, puli yake na matumbo ya reguleta, na bandika karatasi yenye mchoro wa nyaya kama zilivyokuwa siku ya kwanza.